Muhula Niliovuruga Vipimo vya Wauguzi

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa kompyuta amesema kila mwanafunzi awe na daftari la kuandika alichojifunza siku hiyo, hata kama ni jambo moja. Sawa. Leo nimejifunza kwamba nina umri wa kumzaa kila mtu darasani, Mwalimu mwenyewe akiwemo, na kwamba viti vya chuo vimetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na nyonga. Ni mambo mawili hayo, nimezidisha.

Neno la leo ni lahajedwali. Nilipolisikia nilidhani ni ugonjwa wa ini. Kumbe ni karatasi kubwa ndani ya kompyuta, imechorwa mistari ya kwenda pembeni na safu za kwenda chini, na kila kijumba kinaitwa seli. Nikamuuliza aliyekaa kando yangu, binti anayeuza viatu vya mitumba kwa simu na ambaye wenzake wanamwita Pilipili, "Sasa hii ina tofauti gani na daftari la hesabu?" Akanijibu bila kunitazama, "Daftari halijumlishi lenyewe, mama."

Niko hapa kwa sababu ya Dada. Tuna karakana ya ushonaji, chumba kimoja kirefu chenye cherehani nne, meza ya kukatia na pasi inayonguruma. Dada anakata, mimi napima na kushona, miaka nenda miaka rudi. Sasa Dada, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, aliyeapa mbele yangu kwamba hatampikia tena mwanamume, anaolewa. Mwisho wa Mei. Na fundi saa! Baada ya harusi anahamia mji wa huyo fundi saa, safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Karakana nakuachia," aliniambia. "Lakini biashara huijui. Unajua kushona na kugombana. Nenda chuo, usomee biashara jioni."

Nimekwenda, ila nimekwenda nimenuna. Naandika hapa waziwazi kwa kuwa daftari hili Mwalimu hatalisoma: sitaki Dada aondoke.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimejifunza kuhifadhi faili. Nimesahau nilikoihifadhi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Saa alikuja karakana; akija mjini hufikia kwa nduguye. Mtu mfupi, msafi, maneno yake ya kuhesabu. Aliahidi saa nne, akafika saa tano na ushei. Nikamwambia Dada kwa sauti ya kusikika, "Mtu anatengeneza saa za watu, yake haijui kwenda."

"Alipitia kuninunulia vile vifungo ulivyosema havipatikani mjini," Dada akasema.

Vifungo vyenyewe vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini sikumwita shemeji. Nilimwita "bwana" tu, na nilimpa kiti chenye mguu unaocheza.

Alhamisi, 13 Machi

Fomula! Unaanza na alama ya sawasawa, kisha unaiagiza seli kazi ya kufanya. Wenzangu walipewa bei za sukari na sabuni. Mimi niliandika urefu wa gauni, mara mbili, ongeza mikono, ongeza upindo, na seli ya mwisho ikanitolea mita za kitambaa. Nikabadilisha urefu, mita nazo zikabadilika bila mimi kuzigusa. Nilipiga kelele. Mwalimu akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

"Mama, umefanya vizuri," akasema. Ni kijana mpole mno, anaongea nasi kama anayebembeleza mtoto alale. "Lakini darasa la pembeni wana mtihani."

Nilirudi nyumbani mvua ikininyeshea na wala sikujali.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimwonyesha Dada fomula kwenye kompyuta ya mitumba tuliyonunua. Alitazama, akachukua chaki, akapiga hesabu yake juu ya meza ya kukatia. Majibu yakalingana. "Kumbe inajua," akasema, na akarudi kukata. Nilitaka asifu zaidi ya hapo.

Jumanne, 25 Machi

Pilipili amenifundisha kunakili fomula kwa kuivuta kwenda chini kwa kipanya. Kwa malipo, nimemkazia kiuno cha suruali. Kwa kweli ana ulimi, lakini hana roho mbaya. Anasema shuleni waliwahi kumwambia kichwa chake ni cha kubebea ndoo tu, na sasa anataka apate cheti aende akakibandike mlangoni kwa yule mwalimu. Nikamwambia akienda anipitie, mimi najua kugombana.

Jumatano, 2 Aprili

Kazi kubwa imeingia. Chuo cha wauguzi kinataka magauni ya darasa zima la wanaohitimu, meupe, mfuko kifuani, na jina la kila mmoja limedariziwa juu ya mfuko. Matroni wao alikuja mwenyewe, mwanamke mrefu anayekagua chumba kwa kidole. Alipitisha kidole juu ya cherehani yangu, akakitazama, akaridhika.

Alipoondoka Dada alinikalisha. "Kazi hii ni yako mwanzo mwisho. Vipimo, orodha, kitambaa, fundi darizi, kukabidhi. Mimi nitakata utakachonipa, basi. Ukiiweza, nitaondoka roho yangu imetulia."

"Nisipoiweza?"

"Usiniulize maswali ya mkosi."

Jumamosi, 5 Aprili

Kutwa nzima tumepima wauguzi katika bwalo lao. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Dada alishika futi, akaita namba kwa sauti, mimi nikazichapa moja kwa moja kwenye kompyuta, bila karatasi. Wasichana walikuja kunitazama nikichapa kwa vidole viwili na wakasema "anti yuko kidijitali". Nilivimba kichwa, nakiri. Kuna mmoja mrefu hadi Dada alipanda kiti kumpima bega. Wenzake wanamwita Mlingoti. Kuna mwingine mdogo wa umbo, wanamwita Punje, na huyo ndiye anayewatisha wote.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ya kung'oa mabati. Sikwenda darasani, nilikuwa nahamisha majora ya kitambaa cheupe kutoka pembe inayovuja. Pilipili amenipigia kuniambia wamefundishwa kupanga majina kwa alfabeti. "Rahisi tu, mama. Unachagua, unabonyeza, yanajipanga."

Alhamisi, 10 Aprili

Fundi darizi anataka majina kwa alfabeti ili asichanganyikiwe. Nikachagua majina, nikabonyeza. Kompyuta ikaniuliza swali refu. Mimi nikiulizwa swali na mashine huwa najibu ndiyo ili inyamaze. Yakajipanga, mazuri, yamenyooka kama askari. Nikahifadhi, nikafunga, nikampelekea fundi darizi orodha yake na Dada orodha yake ya kukatia. Rahisi kweli.

Jumatano, 16 Aprili

Kukata. Kushona. Darasani mauzo na faida, nilisinzia.

Jumapili, 20 Aprili

Fundi Saa alikula kwetu mchana. Alirekebisha mguu wa kile kiti bila kuambiwa na bila kusema. Nimemkuta Dada anaimba jikoni. Dada haimbi. Nilikwenda kukaa karakana peke yangu nikashona kola kadhaa, hakuna aliyeniuliza niko wapi, na hilo nalo likaniudhi.

Ijumaa, 25 Aprili

Mifuko imerudi kutoka kwa fundi darizi, uzi wa buluu, herufi safi. Nimeanza kuibandika vifuani. Mvua imepungua.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika yote, kalamu isipokwisha wino.

Matroni aliniletea wasichana watatu wajaribu kabla ya kukabidhi. Magauni yamepigwa pasi, yamening'inia safu nzima ukutani, nami nimevaa blauzi yangu ya kwendea sherehe. Dada ameketi pembeni, mikono imefumbatwa, anatabasamu kwa fahari. Nikamkabidhi Mlingoti gauni lenye jina lake. Akaingia nyuma ya pazia. Kisha tukasikia kicheko, kisha kwikwi ya kicheko, kisha pazia likafunguka. Gauni lilimfika juu ya magoti, na mikono ilikomea karibu na viwiko.

"Anti," akasema, "hili ni la kuogelea?"

Punje naye akatoka. Yeye hakuonekana. Lilionekana gauni linatembea, na chini yake ncha za viatu. Wa tatu hakutoka kabisa. Alitoa mkono tu nje ya pazia na kusema zipu imegoma katikati ya mgongo.

Matroni hakucheka. Alitembea kwenye magauni yote, akawa anasoma jina na kutazama gauni, anasoma jina na kutazama gauni. Anawafahamu wasichana wake mmoja mmoja. Alipofika mwisho akageuka. "Hakuna hata moja lenye mwenyewe. Hafla yetu ni Jumamosi ijayo. Hapo nifanye nini, niwaombe wageni wafumbe macho?"

Dada ndiye aliyejibu. Alimshika Matroni mkono akamwambia magauni yatakuwa tayari, na kwamba yeye mwenyewe anajibu kwa hilo. Mimi nilikuwa nimesimama na futi shingoni, nahesabu magauni ukutani.

Walipoondoka Dada alivuta orodha aliyokatia, akatazama. "Mlingoti urefu huu? Nilimpima mwenyewe, nilipanda kiti." Akanitazama. "Umefanya nini mdogo wangu?"

"Sijui," nikasema, na nikaanza kulia kama mtoto, mbele ya pasi.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Alinipa kanga nijifute, akakaa, akafikiri, kisha akasema polepole, "Kosa ni langu. Nimekutwisha mzigo wote mara moja. Harusi itangoja. Mwakani, au mwaka wa kesho kutwa. Siwezi kukuacha hivi."

Nilimwambia hapana. Lakini nilisema hapana ile ya mtu anayekaribishwa chakula ana njaa.

Jumatatu, 5 Mei

Nimejua kosa langu.

Nilimwonyesha Mwalimu faili. Alitazama kidogo tu, akauma mdomo. "Mama, ulichagua safu ya majina peke yake. Kompyuta ilikuuliza kama iendelee na safu hiyo tu bila nyingine, ukaijibu ndiyo. Majina yamehama, vipimo vimebaki palepale." Akachora ubaoni mstari mrefu wa kwenda pembeni. "Mstari mmoja ni mtu mmoja. Ukimshika kichwa tu ukamvuta, kiwiliwili kinabaki."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka kidogo kwa kulazimika. Pilipili hakucheka. Alikuwa amekunja uso. "Mimi ndiye niliyekwambia rahisi tu," akaninong'oneza.

Kisha Mwalimu akaendelea na somo la leo, kuchuja. Unaiambia kompyuta, nionyeshe tu wale ambao kiuno ni kadhaa na urefu ni kadhaa, na inaficha wengine wote. Niliinua kalamu niandike na kalamu ikabaki hewani. Vipimo vimebaki palepale. Kila mstari wa vipimo ni wa mtu mmoja, mzima, hajakatwakatwa. Dada alikata kwa mistari hiyo. Basi kila gauni pale ukutani linamtosha mtu fulani sawasawa! Hakuna kilichoharibika ila jina, na jina liko juu ya mfuko, na mfuko unafumuliwa. Nikimpima msichana upya kiuno na urefu, nikachuja, mstari wake utajitokeza, na jina lililokaa kimakosa katika mstari ule litaniambia nichukue gauni lipi.

Nimefika nyumbani. Dada alikuwa anatengeneza chai. Aliniuliza, "Mwalimu amesemaje?"

Nikasema, "Amesema ni vigumu."

Jumanne, 6 Mei

Sijamwambia. Nikimwambia ataondoka.

Jumatano, 7 Mei

Fundi Saa alikuja asubuhi, safari hii kwa wakati. Dada alimweleza habari yote, mimi nikiwepo, na akamaliza kwa kusema harusi iahirishwe hadi mwakani. Nilijifanya natia uzi kwenye sindano. Nilisubiri agombe, ili nipate sababu ya kumchukia vizuri.

Akasema, "Sawa. Nitasubiri."

"Hukasiriki?" Dada akamuuliza.

"Nakasirika," akasema. "Lakini ni mdogo wako."

Akanyanyuka, akaenda ukutani, akashika gauni moja, akaligeuza ndani nje, akaliinamia kama anavyoinamia saa. Alipitisha kucha juu ya mshono wa bega. "Nani kashona hili?"

"Mimi," nikasema.

"Halina kasoro," akasema, na akalirudisha kwenye kitundikio akalinyoosha mabega.

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonimaliza. Nililia tena, mwezi huu nimegeuka bomba la maji. Nikawaambia vyote: mistari, majina, mifuko, kuchuja, na kwamba nimelijua hilo tangu juzi nikalikalia. Dada alikuwa amesimama na kikombe mkononi. "Tangu juzi?" akasema. "Umeniacha nisilale siku mbili?"

"Nilitaka ubaki."

Alikiweka kikombe. Nilidhani sasa ndipo nitagombezwa, na kwa kweli nilikuwa tayari. "Na mimi," akasema, "unadhani nilivyosema harusi ingoje sikufurahi hata kidogo? Naogopa, mdogo wangu. Mji siujui, watu siwajui. Nilisema itangoja nikasikia nafuu, nikaona aibu." Kisha akamgeukia Fundi Saa. "Samahani, baba."

Fundi Saa akajikuna kidevu. "Mimi pia naogopa," akasema. "Sijui kuishi na mtu anayeongea asubuhi."

Tulicheka sote watatu mpaka mwenye duka la jirani akachungulia.

Alhamisi, 8 Mei

Bwaloni kwa wauguzi. Nilifika na kompyuta, Dada na futi, Pilipili akajileta bila kualikwa, na Fundi Saa akaja na kile kioo chake cha jicho moja na kibano chembamba. Matroni alitupa meza mbili na sura ya kutotuamini.

Dada anapima kiuno na urefu, Pilipili anaita, mimi nachuja. Mstari unajitokeza. Wa kwanza alikuwa Mlingoti. Nikasoma jina lililokuwa kwenye mstari wake, Pilipili akavuta gauni lile, Mlingoti akaingia nyuma ya pazia, na alipotoka bwalo zima lilipiga vigelegele. Lilimkaa! Lilimkaa kama ngozi ya ndizi. Nilimtazama Matroni. Alipitisha kidole kwenye upindo na kutikisa kichwa, ule utikisaji wa kukubali.

Palitokea wawili ambao kiuno ni kimoja na urefu mmoja, mistari miwili ikajitokeza pamoja, na wakagombea gauni moja wakati yote mawili yametundikwa. Dada akawapima mabega na ugomvi ukaisha. Punje alipovaa la kwake akatuamuru tuharakishe, wengine wana zamu wodini.

Na muda wote huo Fundi Saa alikuwa ameinama pembeni, kioo kimebana jichoni, anafumua mifuko. Mshono mmoja mmoja, anaukata, anauvuta kwa kibano, na kitambaa hakibaki na hata tundu la kuonekana. Ningefanya mimi kwa haraka zangu ningechana nusu. Kila mfuko alioutoa ndio uliokuwa unamsogeza kuelekea harusi yake, lakini hakuharakisha hata mmoja. Mchana nilimpelekea maji.

"Shemeji," nikasema, "pumzika kidogo."

Alitoa kioo jichoni akanitazama. Aliyapokea maji kwa mikono miwili.

Jumamosi, 10 Mei

Wauguzi wamehitimu. Sikwenda, nilikuwa nimelala baada ya kubandika mifuko upya usiku kucha. Pilipili amenitumia picha: safu nzima nyeupe, kila jina kwa mwenyewe.

Jumanne, 13 Mei

Darasani Mwalimu amenitaka niwaeleze wenzangu kosa langu, wajifunze. Nilisimama nikaeleza vizuri sana, na nilitia chumvi kwenye urefu wa Mlingoti. Sasa wanaogopa kile kitufe kama moto.

Jumapili, 18 Mei

Nashona gauni la harusi la Dada. Nilichukua futi nikamwambia simama. Akasema, "Mimi wa kupimwa? Si unanishonea kwa macho tangu tukiwa wasichana?"

Nikamwambia wateja wote wa karakana hii sasa wamo kwenye jedwali, na hata mwenye karakana hapendelewi. Akasimama. Bega, kifua, kiuno, nyonga. Alikuwa amevuta tumbo ndani. "Pumua, Dada," nikamwambia, "gauni utalivaa ukiwa hai." Akapumua. Kiuno thelathini na nne. Nikachapa, nikahifadhi, na nikasoma swali kwanza kabla ya kujibu ndiyo.

Jumamosi, 31 Mei

Ameolewa. Gauni la rangi ya maziwa, vifungo vya shemeji mgongoni. Hakuna aliyekosea neno. Shemeji alisema "ndiyo" mara moja tu, na kwake hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 2 Juni

Basi liliondoka asubuhi. Nilirudi karakana nikafagia sehemu ambayo haikuwa na takataka. Meza ya kukatia ni ndefu mno kwa mtu mmoja.

Alhamisi, 5 Juni

Mteja, suruali. Mteja, sketi. Nimekata mwenyewe, nikapima mara mbili kabla ya kushika mkasi.

Jumatano, 11 Juni

Mtihani. Walitupa orodha ya wafanyakazi tuipange kwa alfabeti. Kompyuta ilipouliza swali lake nilicheka peke yangu hadi msimamizi akanitazama vibaya. Nimepata kila kitu ila grafu, grafu yangu ilitoka kama ngazi iliyoanguka.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwajiri Pilipili kwa nusu siku. Anapokea wateja, mimi nakata. Tumegombana mara mbili, yote kuhusu redio. Chumba kimechangamka.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefaulu. Mwalimu aliniambia kwa ile sauti yake ya kubembeleza, nami nikamkumbatia, akakauka kama ubao. Nilimpigia Dada, hakupokea. Nilikasirika. Siku nzima niliwaza, labda ameshanisahau, labda anaumwa, labda mji ule umemshinda na anaona haya kusema. Na hapo moyoni pakawa na kajitu kadogo kakasema, ikiwa umemshinda atarudi. Nilikasikia. Nilikaacha kaseme.

Jumamosi, 21 Juni

Dada amepiga asubuhi, nikiwa nimeinamia kitambaa. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na sahani.

"Jana tulikuwa kwa jirani, simu niliiacha nyumbani," akasema. "Nimefurahi umefaulu, nimefurahi sana, nimewaambia mtaa mzima. Sasa sikiliza, nina oda. Nataka gauni, lile la mikono mifupi. Kitambaa chagua wewe."

"Sawa. Vipimo ninavyo."

"Huna."

"Ninavyo, Dada. Nilikupima mwezi jana tu."

Akaanza kucheka, kicheko cha chinichini, cha mtu asiyetaka aliye karibu amsikie. "Ongeza kiuno. Shemeji yako hataki niingie jikoni asubuhi. Ananipikia yeye, na ananiwekea mara mbili, na akiona nimebakiza anauliza kama nimekasirika. Weka thelathini na sita. Nyonga nayo usiionee haya, iongeze mbili."

Nilifungua jedwali, nikauona mstari wake. Kidole kilikaa juu ya ile seli kwa muda. Pilipili akazima redio, akauliza kama kuna habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni mteja ananenepa. Nikafuta thelathini na nne, nikaandika thelathini na sita, nikahifadhi.